Uzi: Safari ya umeme wa upepo wa Loiyangalani, tangu kwenye mapanga hadi kwenye mita yako

Mtazama Gridi (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Kila umeme unapokatika nchini Kenya, au tokeni zinapopanda bei, humu ndani huzuka swali lilelile: ile mitambo ya upepo ya Turkana inafanya kazi gani? Swali ni la haki, ila majibu huja vipande vipande. Wapo wanaosema kwamba upepo ni wa bure na kwa hiyo umeme wake ulipaswa kuwa wa bure, na wapo wanaosema kwamba mradi mzima ni mzigo kwa mlipakodi. Nimefanya kazi ya umeme wa msongo mkubwa kwa miaka mingi, na naomba nafasi nieleze safari ya umeme huo tangu hewa inapogusa panga hadi unapofika kwenye mita. Hoja yangu ni moja, na niko tayari kuitetea hadi mwisho wa uzi: thamani ya shamba la upepo huamuliwa zaidi na waya unaobeba umeme wake, na saa ambayo umeme huo unapatikana, kuliko inavyoamuliwa na upepo wenyewe. Pale Loiyangalani, iliposimama mitambo hiyo, upepo haujawahi kuwa tatizo.

Nianze na mahali. Ingawa mradi hujulikana kwa jina la Ziwa Turkana, mitambo imesimama upande wa mashariki wa ziwa, katika Kaunti ya Marsabit. Hewa inayovuma kutoka kusini mashariki hubanwa kwanza kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, kisha hubanwa tena kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, na inapopita kwenye upenyo huo mwendo wake huongezeka. Upepo huu huvuma karibu mwaka mzima na kutoka upande uleule, jambo ambalo ni adimu sana duniani. Mashamba mengi ya upepo ya nchi kavu hutoa, kwa wastani wa mwaka, kati ya robo na asilimia 40 ya uwezo wake. La Loiyangalani, katika miaka yake mizuri, limevuka nusu.

Tuutazame mtambo mmoja kwa karibu. Umetengenezwa na kampuni ya Vestas ya Denmark, ni wa aina ya V52, na uwezo wake ni kilowati 850. Mnara una urefu wa mita 44, na duara linalochorwa na mapanga matatu lina kipenyo cha mita 52, yaani eneo la mita za mraba 2,124 hivi. Mitambo ya namna hii iko 365, na jumla yake ni megawati 310. Siku hizi kuna mitambo ya nchi kavu yenye uwezo mara tano ya huu au zaidi, na wengi huuliza kwa nini tuliletewa midogo. Jibu moja liko barabarani: ilibidi kilomita 208 za njia kutoka Laisamis zitengenezwe kabla ya mizigo kupita, na panga la mita 25 hupita kwenye kona ambazo panga la mita 60 lisingepita. Jibu la pili ni ukali wa upepo, kwa sababu mnara mfupi wenye mapanga mafupi huuhimili vizuri zaidi.

Sasa hesabu, na naomba msiiruke, kwa kuwa humo ndimo ulimo ubishi mwingi. Nguvu iliyomo kwenye upepo hufuata kipeo cha tatu cha mwendo wake: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kwa hewa ya joto ya pale, upepo wa mita 8 kwa sekunde unaopita kwenye duara lile hubeba takriban kilowati 600. Mtambo hauwezi kuzivuna zote, kwa sababu hewa iliyonyang'anywa mwendo wake wote ingesimama nyuma ya mapanga na kuizuia inayofuata. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba hata mtambo usio na dosari hauwezi kuvuna zaidi ya asilimia 59.3. Ukiondoa hasara za mapanga, giaboksi na jenereta, hubaki kilowati 240 hivi. Upepo huohuo ukishuka hadi mita 4, nguvu yake huwa sehemu moja ya nane, na mtambo unakuwa ukingoni mwa kuacha kuzalisha. Ndiyo maana msafiri anaweza kupita akaona mapanga yote yanazunguka, kumbe saa hiyo shamba zima linatoa umeme kidogo sana, na akipita siku nyingine mapanga yanazunguka kwa kasi ambayo jicho halioni tofauti yake kubwa, huku shamba likitoa karibu megawati 300.

Yakiwa kwenye nguvu kamili, mapanga huzunguka mara 26 hivi kwa dakika, na giaboksi iliyo juu ya mnara huzidisha mizunguko hiyo hadi kupita 1,500, kasi ambayo jenereta inaihitaji. Kompyuta ya mtambo hugeuza kichwa kizima kiukabili upepo na hubadili pembe ya mapanga kila wakati. Upepo ukizidi mita 16 kwa sekunde, mapanga hulazwa kidogo ili sehemu ya upepo ipite bila kuvunwa. Ukivuka mita 25, huelekezwa sambamba nao na mtambo husimama wenyewe ili usivunjike.

Umeme hutoka kwenye jenereta ukiwa na volti 690, na transfoma ya mtambo huupandisha hadi kilovolti 33. Nyaya za msongo huo huukusanya kutoka kwenye safu za minara na kuupeleka kituoni, ambako hupandishwa tena hadi kufikia kilovolti 400 kwa ajili ya safari ya zaidi ya kilomita 420 kuelekea Suswa, Kaunti ya Narok. Kwa nini 400? Megawati 310 zikisafirishwa kwa kilovolti 33 zingehitaji mkondo wa zaidi ya ampea 5,400, na hakuna waya wa kawaida unaoweza kuubeba mkondo huo. Kwa kilovolti 400, mkondo ni ampea 450 hivi. Hasara ya umeme unaogeuka joto kwenye waya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo kwa waya uleule hasara hupungua zaidi ya mara 140. Bila laini hiyo, upepo wa Loiyangalani ungebaki kuwa habari ya watabiri wa hali ya hewa.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Mitambo yote ilikuwa imekamilika mwaka 2017, lakini umeme haukuingia kwenye gridi ya taifa hadi Septemba 2018. Laini ilikuwa kazi ya KETRACO, ambayo ni kampuni ya serikali, na mkandarasi wa kwanza, Isolux Corsán ya Hispania, aliishiwa nguvu za kifedha huko kwao kabla ya kumaliza. Makandarasi kutoka China ndio walioikamilisha. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja minara 365 ilisimama kwenye mojawapo ya pepo bora duniani bila pa kupeleka umeme wake, na kwa kuwa mkataba ulisema kwamba mwenye mitambo hulipwa hata kama laini haiko tayari, nchi ililipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha taa hata moja. Uzinduzi rasmi ulifanywa Julai 2019 na Rais Uhuru Kenyatta. Watu wengi wanaikumbuka siku ile ya uzinduzi. Mimi naona kwamba funzo kubwa kwa wapangaji liko katika ule mwaka wa kusubiri waya.

Karibuni kwa maswali na hoja.

Mlipa Tokeni

Shukrani kwa maelezo, mleta uzi. Naomba unisaidie jambo moja ambalo wananchi wa kawaida hatulielewi. Upepo haununuliwi, mitambo imekwisha kujengwa, na umeme unafika. Iweje bili zetu zisishuke?

Mtazama Gridi

Ndugu Mlipa Tokeni, gharama ya umeme wa upepo karibu yote hulipwa kabla ya uniti ya kwanza kuzalishwa. Mwenye mtambo wa dizeli hununua mtambo kwa bei nafuu kiasi, kisha hununua mafuta kila siku. Mwenye mtambo wa upepo hukopa fedha nyingi mwanzoni, kisha hulipa mkopo na riba kwa miaka. Mkataba wa Loiyangalani na Kenya Power, kampuni inayonunua umeme na kuwauzia wateja, ni wa miaka 20, na bei yake ilipangwa kuwa senti 7.52 za yuro kwa uniti. Angalia neno yuro hapo. Shilingi inapodhoofika, uniti ileile humgharimu mnunuzi shilingi nyingi zaidi, na ndiyo maana kwenye bili yako kuna mstari wa marekebisho ya fedha za kigeni. Upepo haujapanda bei hata siku moja. Kilichopanda ni deni.

Hata hivyo kuna mstari mwingine kwenye bili hiyo, nao ni wa gharama ya mafuta. Huu ndio ambao upepo huupunguza moja kwa moja. Kila megawati ya Loiyangalani inayoingia wakati mitambo ya mafuta mazito ya Mombasa ingelazimika kuwashwa ni mafuta yaliyookolewa. Tatizo ni kwamba punguzo hilo halionekani kwa macho, kwa sababu hakuna anayepokea bili ya umeme ambao haukuzalishwa kwa mafuta. Unaliona tu siku upepo unapolegea au mabwawa yanapokauka, mstari ule unapofura.

Kaskazini Yetu

Naandika nikiwa mtu wa Marsabit, na naomba nisomwe kwa utulivu. Mleta uzi ameeleza vizuri safari ya umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa, lakini hakueleza safari ya umeme kutoka Loiyangalani hadi Loiyangalani. Nyaya zile hupita juu ya mifugo yetu na vijiji vyetu zikielekea kusini. Wakazi wa karibu na mitambo wamelalamika tangu mwanzo kwamba wanaona minara mchana na giza usiku. Mtoto anayelala akisikia mapanga yakivuma, huku akisoma kwa taa ya sola ndogo, atawezaje kuamini kwamba mradi ule ni wa taifa lake pia?

La pili ni ardhi. Mradi ulipewa hati za ekari 150,000, na eneo hilo ni malisho ya jamii za wafugaji. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati hizo zilipatikana kinyume cha sheria, ikatoa mwaka mmoja ili utaratibu ufuatwe upya. Mitambo yenyewe inakalia sehemu ndogo sana ya ardhi hiyo, na mifugo bado hupita katikati ya minara. Sisi hatulalamikii nafasi iliyochukuliwa na misingi ya zege. Tunalalamikia kwamba ardhi ya jamii iliandikishwa kwa jina la mwingine bila jamii kuulizwa inavyotakiwa na sheria.

Mtazama Gridi

Kaskazini Yetu, nakubaliana nawe katika yote mawili, na la ardhi sina la kuongeza juu ya uamuzi wa mahakama. Kuhusu umeme wa wenyeji, nieleze upande wa ufundi, bila kuutumia kama kisingizio. Laini ya kilovolti 400 haiwezi kuchomolewa waya mmoja kuingia kijijini. Kunahitajika kituo cha kupoza umeme chenye transfoma kubwa, vikata umeme vya msongo huo na mitambo ya ulinzi, na gharama yake ni kubwa mno ukiigawa kwa kijiji kimoja. Lakini pale kwenye shamba lenyewe kuna msongo wa kilovolti 33, ambao ndio msongo uleule unaotumika kusambaza umeme vijijini nchini kote. Kifundi, kuutoa umeme hapo na kuupeleka kwenye makazi ya karibu kunawezekana kabisa. Kilichohitajika ni mtu wa kuliandika jambo hilo kwenye mpango tangu siku ya kwanza, pamoja na makubaliano ya nani ananunua umeme huo na nani anausambaza, kwa sababu mwenye mitambo ana mkataba wa kuuza kwa mnunuzi mmoja tu.

Ningependa mradi wowote unaofuata uanze na swali hilo. Ule wa Kinangop, wa megawati 60 hivi, uliachwa mwaka 2016 kabla ya mtambo hata mmoja kusimama, na kiini kilikuwa ardhi na kutoaminiana. Upepo wa Kinangop bado unavuma.

Mkulima wa Kajiado

Naomba kutoa mfano wa shamba la upepo la Kipeto, huku Kajiado, ili mjadala usionekane kana kwamba hakuna njia nyingine. Kipeto ni megawati 100, mitambo 60, na ilianza kuuza umeme mwaka 2021. Huku ardhi ilikuwa tayari imegawanywa kwa watu binafsi, kwa hiyo mradi ulikodi kutoka kwa wenye mashamba, ambao wanaendelea kuchunga ng'ombe wao chini ya mapanga na hupokea malipo. Ziko pia hisa zilizowekwa kwa ajili ya jamii. Sisemi kwamba kila mtu ameridhika, lakini mtu anayelipwa kodi ya ardhi yake huutazama mnara kwa jicho jingine.

Jambo moja zaidi ambalo limenigusa ni la tai. Karibu na Kipeto kuna majabali wanakozaliana tai walio hatarini kutoweka, na ndege hawa huruka wakitazama chini kutafuta mizoga, si mbele. Mradi umeweka waangalizi wanaokaa na darubini kutwa nzima, na tai akikaribia huagiza mtambo ulio kwenye njia yake usimamishwe hadi apite. Umeme unaopotea kwa dakika hizo ni mdogo sana ukilinganisha na mwaka mzima.

Fundi wa Zamu

Mleta uzi, umesema waya na saa. Naona umesahau jambo la tatu, nalo ni uimara wa gridi yenyewe, na tarehe 25 Agosti 2023 ndiyo ushahidi. Usiku ule karibu nchi nzima ilizimika, hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukaingia gizani, na baadhi ya maeneo yalikaa bila umeme hadi siku iliyofuata. Kenya Power ilisema kwamba chanzo ni kupotea ghafla kwa megawati 270 hivi za Loiyangalani. Wenye mitambo wakajibu kwamba walitoka kwenye gridi kwa sababu volti ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi, na kwamba mitambo ilijizima ili kujilinda. Wasomaji wengi waligawanyika, huyu akimwamini huyu na yule akimwamini yule, lakini kwa fundi maelezo yote mawili yanafundisha jambo lilelile.

Gridi yetu hufanya kazi kwa masafa ya hezi 50, yaani mawimbi 50 ya umeme kila sekunde. Mashine zote zinazozunguka, za mvuke wa ardhini kule Olkaria, za maji kule Gitaru, za mafuta kule Mombasa, zimefungamana kwa masafa hayo kama watu wanaovuta kamba moja kwa mdundo mmoja. Zikitoka megawati 270 kwa mara moja kwenye nchi ambayo matumizi yake ya jioni wakati ule yalikuwa megawati 2,000 na kidogo, waliobaki hulemewa ghafla, mzunguko wao hupungua, na masafa hushuka. Ikiwa hakuna mashine za akiba zinazozunguka tayari kuongeza nguvu papo hapo, wala mizigo ya wateja haikatwi kwa haraka ya kutosha, mashine nazo huanza kujitoa moja baada ya nyingine ili zisiharibike. Ndani ya sekunde chache hakuna kilichobaki.

Na upande wa volti, laini ndefu ya kilovolti 400 inapobeba mzigo mdogo hujipandishia volti yenyewe, hasa kwenye ncha ya mbali. Ndiyo sababu huwekwa reakta, yaani koili kubwa za kuinywa ziada hiyo. Anayefikiri kwamba kusafirisha umeme kilomita 428 ni kufunga waya na kuwasha swichi hajawahi kukesha kwenye chumba cha udhibiti.

Mtazama Gridi

Naongezea tu kwamba jenereta ya V52 haikufungwa kwenye masafa ya gridi moja kwa moja namna ya jenereta za maji na mvuke. Sehemu ya umeme wake hupita kwenye vifaa vya kielektroniki ili mapanga yaweze kuongeza au kupunguza kasi kufuatana na upepo. Faida ni kwamba giaboksi haipigwi na kila dhoruba. Hasara ni kwamba uzito wa mapanga hausaidii kuishikilia gridi masafa yanapoanza kushuka, isipokuwa programu ya mtambo iwe imeandikwa mahsusi kufanya hivyo. Kwa hiyo kadiri upepo unavyochukua sehemu kubwa ya umeme wa saa fulani, ndivyo mwendesha gridi anavyopaswa kuwa na mashine nzito nyingine zinazozunguka, hata kama hazihitajiki kwa megawati zake. Ndugu Fundi, nimelipokea jambo lako la tatu.

Mwenyeji wa Mufindi

Salamu kutoka Tanzania. Huku kwetu shamba la upepo la Mwenga, wilayani Mufindi, ni dogo mno likilinganishwa na hayo mnayoyajadili: mitambo mitatu, jumla ya megawati 2.4. Lakini lilijengwa mahali ambapo tayari kulikuwa na mtambo wa maji wa megawati 4 na mtandao wa kusambaza umeme vijijini. Maji hupungua wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi ambacho upepo wa nyanda za juu huvuma vizuri. Vyanzo viwili hivyo hupokezana, na vijiji hupata umeme bila kusubiri laini ya mamia ya kilomita. Naona inaunga mkono hoja ya mleta uzi kuhusu waya na wakati, kwa kipimo kidogo.

Mwanafunzi wa Uhandisi

Mfano wa Mufindi umenifanya nirudi kwenye hoja ya saa, ambayo mleta uzi aliitaja mwanzoni bila kuifafanua. Nimesikia kwamba Loiyangalani huamriwa ipunguze uzalishaji nyakati za usiku. Inakuwaje nchi yenye uhaba wa umeme jioni ikaukataa umeme usiku? Na kwa nini hatuuhifadhi kwenye betri?

Mtazama Gridi

Ndugu mwanafunzi, hili ndilo lililonisukuma kuandika uzi huu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mkondo wa hewa wa Turkana una tabia yake: huwa na nguvu zaidi usiku wa manane na alfajiri, na hulegea mchana jua linapokoroga hewa. Watu nao wana tabia yao: matumizi hupanda kuanzia jioni, hufika kilele kati ya saa moja na saa tatu usiku, kisha huporomoka. Saa nane za usiku nchi nzima hutumia karibu nusu tu ya kile cha jioni. Sasa weka mvuke wa Olkaria, ambao mwendeshaji hapendi kuupunguza, kwa sababu visima vya mvuke havifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Weka umeme unaonunuliwa Ethiopia, unaofika Suswa hiyohiyo kwa laini ya kilovolti 500 ya mkondo mnyoofu iliyoanza biashara mwaka 2022. Ongeza Loiyangalani ikiwa na upepo wake bora. Jumla huzidi kinachohitajika, na gridi haina mahali pa kuweka ziada hata kwa sekunde moja. Mtu lazima apunguze. Ama mvuke unaachwa upotelee hewani kule Olkaria, ama mapanga yanalazwa kule Loiyangalani na upepo unapita bure.

Akiba ya kwanza tuliyo nayo tayari, na wengi hawaifikirii hivyo, ni maji ya mto Tana. Upepo unapovuma, mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanaweza kufungiwa maji, nayo maji hayo yakafunguliwa jioni inayofuata. Mtambo wa maji huitikia amri kwa dakika chache, tofauti na mvuke. Kila megawati-saa ya upepo inayotumika badala ya maji ni maji yaliyobaki Masinga. Lakini maji yana mipaka yake: saa nane za usiku mitambo hiyo tayari imepunguzwa hadi kiwango cha chini, na huwezi kufunga kile ambacho kimekwisha kufungwa.

Betri zinawezekana, na bei yake imeshuka sana katika miaka 10 iliyopita. Kazi inayozifaa zaidi kwetu, kwa maoni yangu, ni kukaa Suswa au hata Loiyangalani na kufanya mambo mawili kwa pamoja: kubeba saa chache za ziada ya alfajiri hadi kilele cha jioni, na kurusha umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde pale masafa yanapoanza kushuka. Hilo la pili ndilo linalojibu tatizo la Fundi wa Zamu, na ndilo ningelilipia kwanza.

Njia ya nafuu kuliko zote, hata hivyo, ni kuhamisha matumizi yaende kwenye saa za upepo. Desemba 2017 Kenya ilianzisha bei ya usiku kwa viwanda, ambapo kiwanda kinachoongeza matumizi yake kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi hulipa nusu ya bei ya uniti. Mwaka 2023 bei maalumu ya magari ya umeme nayo ikaja na punguzo la usiku. Pikipiki ya umeme inayochajiwa saa tisa usiku inachukua umeme ambao vinginevyo ungemwagwa. Pampu ya maji ya mji inayojaza matangi usiku inafanya vivyo hivyo, na vyumba vya baridi vya samaki na maua vinaweza kupozwa zaidi alfajiri na kupumzika jioni. Mita za majumbani bado hazimpi mteja wa kawaida nafasi hiyo. Ningekuwa na sauti kwenye mamlaka inayosimamia nishati, ningeomba bei ya usiku imfikie mwenye nyumba, mwenye kinu cha kusaga na mwenye pampu ya kisima kabla hatujasimamisha mnara mwingine wowote kaskazini.

Mlipa Tokeni

Kwa hiyo mtu wa kinu akisaga alfajiri kwa nusu ya bei, yeye anapata nafuu na mitambo haizimwi?

Mtazama Gridi

Ndiyo, mradi mita yake iwe na uwezo wa kutofautisha saa na bei hiyo iwe imeruhusiwa kwa kundi lake. Mita za namna hiyo zipo na viwanda vinazitumia tayari. Kesho nitaweka hapa ufafanuzi wa jinsi viwanda vinavyopimwa kiwango chao cha kawaida kabla ya kupewa punguzo, kwa kuwa hapo ndipo wafanyabiashara wadogo watakapokwama ikiwa sharti hilo litahamishwa kwao jinsi lilivyo.